Ushahidi ulio machoni mwa mgonjwa wa akili

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kumhukumu mgonjwa wa akili kwa macho yake. Akiyatoa macho na kuyazungusha huku na huko, twasema amepandwa na pepo. Akiyainamisha chini na kumkwepa kila anayemsemesha, twasema amerogwa, au ana jambo analificha. Akimkodolea mtu bila ya kupepesa, watoto huitwa ndani na milango ikafungwa. Mazoea haya yako Mombasa, yako Tanga na Unguja, na hapana shaka yako pia Kiunga, kule kaskazini kabisa mwa Kaunti ya Lamu, ambako ukishaipita Ishakani huna mbele yako ila mpaka wa Somalia. Nimeichagua Kiunga kwa makusudi katika makala haya. Suala ninalotaka kulijadili ni jepesi kwa mtu aliye Nairobi, karibu na hospitali na wataalamu, lakini ni zito mno kwa Mbajuni ambaye kumfikia daktari wa maradhi ya akili kwake ni safari ya bahari na kisha safari ya nchi kavu.

Suala lenyewe ni hili: je, macho ya mtu yaweza kweli kutueleza lolote kuhusu akili yake, hasa mtu anayeugua maradhi yanayojulikana kwa jina la baipola? Jibu langu ni kwamba yaweza, na wanasayansi wamekuwa wakilichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Hata hivyo, waliyoyaona wao machoni siyo tuyaonayo sisi tukiwa barazani, na faida yake kwa mgonjwa wa Kiunga haiko pale ambapo wengi wangekwenda kuitafuta.

Baipola ni maradhi yenye nyuso mbili. Kuna wakati ambapo mgonjwa hupandwa na uchangamfu uliopita mpaka: halali usiku wala hahisi uchovu, maneno humtoka mfululizo, huahidi asichokuwa nacho, hununua chombo asichoweza kukilipia, na akipingwa kidogo tu huwaka hasira. Kisha huja wakati wa pili, pengine baada ya wiki na pengine baada ya miezi, ambapo mtu yule yule hujiinamia, hula kwa kubembelezwa, huona maisha hayana maana, na wengine hufikia kutaka kujiua. (Sheria yetu ilimhesabu mtu wa namna hiyo kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba.) Baina ya vipindi hivyo viwili huishi kama watu wengine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa na maradhi haya.

Jambo ambalo halifahamiki na wengi ni kwamba hata moyo wa mgonjwa ukishatulia, baadhi ya nguvu za fikra zake huweza kubaki nyuma. Nazungumzia uwezo wa kukaza mawazo juu ya jambo moja, uwezo wa kushika jambo akilini kwa muda mfupi huku ukifanya jingine, na uwezo wa kujizuia usifanye lile ambalo mwili umekwisha kulitaka. Tuchukue mfano wa mvuvi ambaye kazi yake ilikuwa kusimama omoni na kuangalia mwamba na fungu wakati chombo kinapoingia mlangoni. Ametibiwa, anacheka na watu, anaswali na wenziwe, lakini akirudishwa omoni anachelewa kusema, au anasahau aliloambiwa na nahodha dakika moja iliyopita. Wenzake wanamwona mvivu, au wanasema amedekezwa na maradhi. Mke naye asikia hayo na kuyaamini. Mtu huyu amepona nusu, na ile nusu nyingine hakuna aliyemweleza kuwa ni sehemu ya ugonjwa uleule.

Hapa ndipo elimu ya macho inapoingia. Jicho la binadamu halitulii hata mwenyewe adhani limetulia. Ni sehemu ndogo mno katikati ya utando wa ndani wa jicho iwezayo kuona kwa ukali, na kwa sababu hiyo ubongo hulazimika kulirusha jicho kutoka kitu hadi kitu, kiasi cha mara 3 katika kila sekunde. Wewe msomaji wangu, hivi sasa unaposoma sentensi hii, macho yako hayatelezi juu ya mstari kama jahazi juu ya maji shwari. Yanaruka, yanatua, kisha yanaruka tena, na baadhi ya maneno mafupi yanayapita bila ya kuyatua. Lakini kikiwapo kitu kinachokwenda polepole, mathalani ndege wa baharini au taa ya mashua, jicho laweza kukifuata kwa utulivu bila ya kuruka. Kazi zote hizo mbili huongozwa na ubongo, na ubongo ukiwa na kasoro katika kupanga, kukumbuka au kujizuia, kasoro hiyo huweza kuonekana katika mwendo wa jicho kabla haijaonekana katika maneno.

Wa kwanza kulipima jambo hili kwa wagonjwa wa akili walikuwa Wamarekani wawili, Allen Diefendorf na Raymond Dodge, waliochapisha matokeo yao mwaka 1908. Walipiga picha za mwanga unaorudi kutoka kwenye jicho huku mgonjwa akitazama kitu kinachopembea. Wale waliokuwa na ugonjwa ambao leo unaitwa skizofrenia walishindwa kukifuata kitu hicho kwa utulivu. Macho yao yalikwenda kwa kurukaruka kama mtu ashukaye ngazi. Wale waliokuwa na maradhi ambayo leo tunayaita baipola walikifuata karibu sawa na watu wazima wa akili. Ikaonekana, basi, kwamba jicho limepewa uwezo wa kuyatenganisha maradhi mawili ambayo madaktari wenyewe walikuwa wakiyachanganya.

Lau mambo yangebaki hivyo, kazi yangu leo ingekuwa nyepesi. Uchunguzi ule ulisahauliwa kwa miongo mingi hadi mwaka 1973, Philip Holzman na wenzake walipoufufua huko huko Marekani, na haukupita muda mrefu kabla ya wachunguzi wengine kugundua kwamba baadhi ya wagonjwa wa baipola nao macho yao yana mirukoruko ileile. Kisha katika miaka ya 1980 yakatokea matatizo zaidi, kwani ilionekana kuwa lithiamu, dawa kubwa ya maradhi ya baipola, yenyewe huweza kuuvuruga mwendo wa jicho. Je, kinachopimwa ni ugonjwa au ni dawa? Swali hilo halijaacha kuwasumbua wataalamu.

Kuna jaribio jingine ambalo mimi naliona ni la maana zaidi. Lilibuniwa na Peter Hallett wa Toronto, Kanada, mwaka 1978. Mtu huketishwa mbele ya nukta moja aikazie macho. Ghafla mwanga hutokea upande mmoja, na yeye ameagizwa asiutazame, bali atazame upande wa pili. Yaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ujaribu na utaona: jicho lataka kwenda kwenye mwanga, na ni lazima akili ilishike, ilikumbushe agizo, kisha iligeuze. Mwaka 1985 ulichapishwa uchunguzi juu ya watu waliokuwa wameondolewa sehemu ya mbele ya ubongo kwa ajili ya kutibiwa kifafa, na ikaonekana kuwa kujizuia huko kuliwashinda. Wagonjwa wa baipola, katika tafiti kadhaa zilizofuata, wamekutwa wakikosea zaidi kuliko watu wasio na maradhi, na baadhi yao waliendelea kukosea hata walipokuwa wametulia kabisa. Matokeo hayakufanana katika kila uchunguzi, ila kwa ujumla yanamuunga mkono yule mvuvi wetu wa omoni. Kuchelewa kwake si uvivu. Kuna kazi ya ubongo ambayo bado haijarudi sawasawa.

Huo ndio ushahidi wa jicho, na hapo ndipo mpaka wake ulipo. Makosa yaleyale huonekana kwa wenye skizofrenia na kwa wenye maradhi mengine ya ubongo, huonekana kwa mtu aliyenyimwa usingizi, na huongezeka kwa wazee. Daktari makini hawezi kumtazama mtu macho, hata kwa mitambo ya kisasa inayolipiga jicho picha mara 1000 kwa sekunde, kisha akaandika kwenye faili kuwa huyu ana baipola. Jina la maradhi haya hadi leo hupatikana kwa kumsikiliza mgonjwa na jamaa zake, na kuifuata historia ya maisha yake kwa miezi na miaka.

Nayasisitiza haya kwa sababu ya jambo lililowahi kutokea hapa nchini. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza aitwaye John Colin Carothers, ambaye kutokana na aliyoyaona miongoni mwa wagonjwa wachache wa Mathari na magerezani alijipa ruhusa ya kutoa hukumu juu ya akili za Waafrika wote. Mwaka 1951 aliandika kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo wa Mwafrika, akamlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima. Alishikilia pia kwamba huzuni ya kimaradhi ni nadra kwa Waafrika, na daktari anayeamini hivyo hawezi kuitambua baipola, maana atauona uso mmoja tu wa ugonjwa na kuupa jina jingine.

Msomaji aliye makini amekwisha kuona ninapoelekea. Sehemu ya ubongo aliyoizungumzia Carothers bila ya kuipima ndiyo hiyo hiyo inayopimwa na jaribio la Hallett. Akija leo mtu na mtambo wake mpaka Kiunga, akawaketisha wavuvi mbele yake, kisha akayalinganisha majibu yao na ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani, atapata tofauti, na tofauti hiyo ataipa jina la ugonjwa au la upungufu. Kumbe huenda sababu yake ni mambo ya kawaida kabisa.

Nitataja moja. Mtoto wa Kiunga hujifunza kusoma mara mbili. Chuoni kwa mwalimu husoma msahafu kutoka kulia kwenda kushoto, na skuli husoma Kiswahili na Kiingereza kutoka kushoto kwenda kulia. Mwaka 1981 ulichapishwa uchunguzi juu ya watu wasomao Kiebrania na Kiingereza, ambao wako katika hali hiyo hiyo. Ilionekana kwamba wakisoma Kiebrania jicho lao hunyakua maandishi zaidi ya upande wa kushoto, na wakisoma Kiingereza hunyakua zaidi ya kulia. Kusoma, kwa hiyo, humfunza mtu upande wa kuuelekezea macho. Kipimo kilichotengenezwa kwa watu waliosoma upande mmoja tu maisha yao yote kitamwelewaje Mbajuni? Ongeza juu ya hayo jua na chumvi ya bahari. Wavuvi wengi wa pwani huota nyama nyembamba juu ya weupe wa jicho ikielekea kwenye mboni, na wazee wana mtoto wa jicho. Mitambo hii husumbuka sana na macho ya namna hiyo. Na aliyekesha akitafuna miraa, je, atapimwa asubuhi kama mtu aliyelala saa nane?

Sisemi utafiti usije. Nasema uje na vipimo vilivyosawazishwa kwa watu wetu kwanza. Uwezo huo upo. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoko Kilifi kilishiriki katika uchunguzi mkubwa wa urithi wa maradhi ya akili, ikiwamo baipola, uliofanywa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Huo haukuwa uchunguzi wa macho, lakini umeonyesha kuwa wagonjwa wa pwani waweza kushirikishwa kwa heshima katika elimu inayowahusu.

Ama kuhusu leo, kabla ya mtambo wowote kuvuka bahari, kuna usomaji wa macho ambao ungeweza kuanza Kiunga wiki ijayo. Hauhitaji umeme. Wahitaji muuguzi aliyefunzwa na kidole chake.

La kwanza nitakalolieleza ndilo linaloniuma zaidi. Katika vituo vyetu vya afya, mgonjwa aliyepandwa na uchangamfu wa kimaradhi aghalabu hutulizwa kwa haloperidoli. Dawa hiyo husaidia. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, katika siku chache za mwanzo huweza kuleta mkazo wa misuli ambao huyavuta macho juu na kuyaganda huko, weupe tu ukaonekana, na pengine shingo ikapinda na taya zikakaza. Hali hiyo huweza kudumu kwa dakika nyingi, hata saa. Hebu jiweke mahali pa mama yake. Mwanao alikuwa akisema na kuimba usiku kucha, ukampeleka hospitali, na sasa amelala macho yamepinduka. Jirani hatasema ni dawa. Atasema pepo amekasirishwa na sindano ya hospitali, na wewe utamwamini, kwa kuwa hakuna aliyekutahadharisha. Dawa zinatupwa jaani, mgonjwa anapelekwa kuchezewa ngoma au anafungwa kamba chumbani, na kituo cha afya kinapoteza imani ya mtaa mzima. Ilhali tiba ya hali ile ipo na ni rahisi: dawa kama benzeksoli, au sindano ya jamii yake, huyarejesha macho mahali pake kwa muda mfupi, kisha kipimo cha haloperidoli kikaangaliwa upya. Maneno mawili ya tahadhari kutoka kwa muuguzi, siku dawa inapotolewa, yangeokoa watu wengi na kamba.

Sina nia ya kuwavunjia heshima masheikh wala waganga. Kisomo hakigombani na kidonge, na mgonjwa aliyesomewa aweza kunywa dawa zake usiku uleule. Ninachowaomba ni kwamba wakiletewa mtu ambaye macho yamempinduka, waulize kwanza kama ametumia dawa ya hospitali wiki hiyo.

La pili ni lithiamu. Ni chumvi ya asili ambayo daktari John Cade wa Australia alieleza mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa 10 waliokuwa na uchangamfu wa kimaradhi, na hadi leo ni miongoni mwa dawa bora za kuzuia vipindi vya baipola visirudi, na pia kupunguza kujiua. Ubaya wake ni kwamba kipimo kinachotibu kiko karibu sana na kipimo kinachodhuru. Damu yapasa kupimwa mara kwa mara. Mwili ukipungukiwa na maji au chumvi, kwa jasho jingi, kuhara au kutapika, lithiamu hujaa damuni. Hujaa vilevile kwa dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mtu hununua dukani bila ya kuulizwa lolote. Sasa mfikirie mvuvi anayepiga mbizi kutafuta kamba, anashinda juani, mgongo unamuuma jioni, anameza vidonge viwili vya maumivu. Lithiamu ikizidi, mikono hutetemeka kwa nguvu, mwendo hupepesuka kama wa mlevi, ulimi huwa mzito, na macho huanza kuchezacheza yenyewe, yakienda upande polepole na kurudi kwa mkupuo. Jirani ataona ulevi au pepo. Muuguzi aliyefunzwa ataona sumu, na atajua kuwa mtu huyu lazima asimamishiwe dawa na asafirishwe siku hiyo hiyo.

Kabamazepini nayo ni hivyo hivyo, na huenda ikawa muhimu zaidi kwa Kiunga kwa sababu hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko lithiamu, kwa vile hutibu kifafa. Ikizidi, mgonjwa huona vitu viwili viwili na macho huchezacheza. Kipimo chake cha kwanza ni kidole: muuguzi hukiinua kadiri ya urefu wa mkono, akakipeleka polepole kushoto na kulia, juu na chini, bila ya kukifikisha pembeni kabisa ambako hata jicho la mtu mzima wa afya huweza kutikisika kidogo. Ni kazi ya dakika moja. Kidole hicho hakitajua maradhi ya mtu yanaitwaje, na wala hakitaziba nafasi ya kipimo cha damu. Kitaonyesha tu dalili kwamba huenda dawa imezidi, na mahali palipo mbali na maabara hilo si jambo dogo.

Wapo watakaoniuliza kuhusu saumu, na wana haki, kwa kuwa wakazi wa Kiunga ni Waislamu. Uchunguzi uliofanywa Casablanca, Morocco, na kuchapishwa mwaka 2000 uliwafuata wagonjwa 20 wa baipola waliokuwa wakitumia lithiamu katika mwezi wa Ramadhani, na karibu nusu yao maradhi yaliwarudia. Mwingine wa Pakistan, uliochapishwa mwaka 2010, haukukuta madhara hayo. Kiwango cha dawa damuni hakikubadilika sana katika tafiti zote mbili. Yaelekea waliodhurika walidhurika zaidi kwa kubadilika kwa usingizi na ratiba ya siku, na kukosa usingizi ni mlango unaojulikana wa uchangamfu wa kimaradhi. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Lakini atakayetaka kufunga azungumze na tabibu na imamu wake kabla mwezi haujaandama, wala asiache dawa kwa kujiamulia.

Haya yote yanahitaji kitu kimoja ambacho hakipatikani kwa makala ya gazeti: dawa isiyokatika. Barabara ya Kiunga, inayopita kandokando ya msitu wa Boni, imetegwa mabomu mara nyingi tangu miaka ya operesheni ya Linda Boni iliyoanza 2015. Bahari nayo, kusi likivuma, si njia ya kutegemewa na mtu mwenye chombo kidogo. Watu wa kujitolea wamefanya yao. Umra Omar wa Safari Doctors, ambao walikuwa wakivifuata vijiji hivi kwa jahazi, alitajwa mwaka 2016 miongoni mwa mashujaa wa kituo cha televisheni cha CNN. Sifa hizo ni haki yake. Mimi huona pia kuwa ni aibu yetu, kwa sababu aliyefanya kwa hisani alikuwa akifanya kazi ambayo Katiba ya mwaka 2010 imewakabidhi wengine. Kifungu cha 43 chatoa haki ya afya kwa kila mtu, na huduma za afya ni jukumu la serikali za kaunti. Jopo lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yakaziagiza kaunti kutoa huduma hizi karibu na wananchi. Karatasi, basi, hazijakosekana.

Nitaambiwa kuwa Kiunga ina dhiki kubwa kuliko hizi: usalama, maji, skuli zilizofungwa kwa hofu. Ni kweli. Lakini hofu ya usiku na usingizi uliokatika ndivyo vinavyoyachochea maradhi haya, na kijana mmoja aliyefungwa kamba huwazuia watu wawili au watatu wa nyumba yake kwenda baharini au shambani. Ninachokitaka kwa idara ya afya ya Lamu chaweza kuhesabiwa. Wauguzi wa Kiunga, Kiwayu na Faza wafunzwe kusoma macho kwa kidole na kuwatahadharisha jamaa juu ya haloperidoli. Benzeksoli iwekwe palipo na haloperidoli, na mahali isipokuwapo hiyo ya kwanza, hiyo ya pili isitolewe bila ya mpango. Lithiamu isiandikwe kwa mgonjwa yeyote mpaka ijulikane damu yake itapelekwa kwa chombo gani, maabara gani, na majibu yatarudi kwa simu ya nani. Hadi hapo itumike dawa nyingine inayofaa. Na kwa kuwa kusi huanza mwezi wa Aprili, akiba ya dawa za miezi mitatu iwe imekwisha kupakuliwa Kiunga kabla ya mwezi wa Machi kwisha.